Kustahimili si Kustawi: Funzo la Tunda la Joka Kajiado

Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hunijia kila nipitapo barabara ya Namanga, nikaiacha Athi River nyuma na kuingia Kitengela. Kwa miaka mingi matangazo ya mji huu yalihusu jambo moja: viwanja vya hamsini kwa mia, hati tayari, lipa polepole. Sasa, pamoja na viwanja, msafiri hutangaziwa pia miche ya tunda geni, jekundu kwa ngozi, lenye magamba ya kijani yaliyochanua mithili ya ndimi za moto, na ndani nyama nyeupe au ya zambarau iliyotapakaa mbegu nyeusi kama ufuta. Wauzaji huliita tunda la joka. Husifiwa kuwa ni zao la nyanda kavu, kwamba halina shida ya maji, na kwamba atakayewahi kulipanda atawahi kutajirika.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si bwana shamba. Sina shahada ya kilimo, wala sidai kumfundisha mkulima kushika jembe. Hata hivyo, kazi yangu ni kuyapima maneno, na nimeyapima haya nikaona yana upungufu ambao unawagharimu watu fedha. Aghalabu watu hao ni walimu wenzangu, ambao baada ya miaka thelathini ya chaki huchukua mkopo wa chama cha ushirika au sehemu ya kiinua mgongo, wakauzika katika ekari moja ya Kajiado.

Mmoja wao ni jirani yangu wa zamani, mwalimu mstaafu aliyenunua shamba nje kidogo ya Isinya. Nilipomtembelea majuzi alinipeleka kwanza kwenye nguzo zake za saruji, zilizosimama safu kwa safu kama wanafunzi katika gwaride, kisha akanionyesha kibanda cha mabati. Humo mlikuwa na kreti tatu za matunda yaliyosinyaa, magamba yamekauka, ngozi imeingia mikunjo. Mnunuzi wa Nairobi aliahidi kuja Ijumaa, akaja Jumatano ya juma lililofuata, akayatazama na kuondoka mikono mitupu. “Daktari,” akaniambia, “niliambiwa hili ni zao la ukame. Mbona limenikausha mfuko mimi kabla halijakauka lenyewe?”

Swali hilo halikuwa la mzaha, na makala haya ni jaribio langu la kulijibu.

Tuanze na asili ya mmea wenyewe. Tunda la joka huzaliwa na mmea wa jamii ya mpungate, na hapo ndipo udanganyifu wa kwanza huingia. Mtu akisikia mpungate, akilini mwake huona jangwa. Lakini mpungate huu si wa jangwani. Kwao ni misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, ambako hupanda juu ya miti na miamba kwa mizizi yake ya kujishikiza, ukiishi nusu kivulini, penye mvua ya kiasi na udongo wenye majani yaliyooza. Ni kweli kwamba unajua kuweka akiba. Shina lake nene huhifadhi maji, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku, wakati hewa ni baridi, badala ya mchana kama ilivyo kwa mahindi na maharagwe. Kwa hiyo hupoteza maji machache. Ukame wa miezi kadhaa hautauua upesi.

Hapa ndipo isimu inapokuwa na la kusema. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo wauza miche huvichanganya: kustahimili na kustawi. Mgonjwa aliyelala kitandani mwezi mzima bila kula vizuri amestahimili, lakini hakuna atakayesema kuwa amestawi. Vivyo hivyo mpungate usionyweshwa utaendelea kusimama, utasinyaa, utageuka manjano kwa jua kali, na mvua ikija utachipua tena. Lakini katika muda huo wote hautatoa maua ya kutosha, na ukitoa, vitumba vitapukutika. Mkulima hauzi mashina, bali huuza matunda. Mmea uliostahimili pasipo kuzaa umemfaidi aliyeuza mche peke yake.

Tuyatie mambo haya katika hesabu, maana wasomaji wangu wengi ni walimu na wanafunzi. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Nguzo zikiachana mita 3 kwa mita 3, ekari itachukua takriban nguzo 450. Kila nguzo hupandwa miche 4, jumla miche 1,800. Tuseme kila mmea upewe lita 5 tu kwa juma wakati wa kiangazi. Hizo ni lita 9,000, yaani karibu lori zima la maji la lita 10,000 kila juma. Kuanzia Juni hadi Septemba ni majuma 17, na kwa hesabu hiyo zitahitajika lita 153,000. Mkazi wa Kitengela, ambaye hununua maji ya lori kwa matumizi ya nyumbani, ajiulize mwenyewe gharama hiyo. Akichimba kisima, bado hajawa salama, kwani maji ya visima vingi vya Kajiado yana chumvi, na chumvi ikizidi huuchosha mmea huu.

Wala si ukame pekee unaosumbua. Kaunti ya Kajiado ni pana na mvua yake haifanani: bonde la Amboseli hupata kama milimita 300 kwa mwaka, ilhali vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro hufikia milimita 1,250. Ushauri unaofaa Loitoktok hauwezi kunakiliwa Kitengela neno kwa neno. Fauka ya hayo, nyanda za Kitengela na Isinya zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa jua hupasuka nyufa za kuingiza mguu na wakati wa mvua hushika maji kama bakuli. Mizizi ya mpungate huu ni ya juujuu na huoza upesi ikisimama majini. Waliokuwa Kitengela mwezi wa Aprili 2024, mafuriko yalipozingira nyumba na watu wakaokolewa kwa mashua, hawahitaji kuelezwa. Nchi hiyo hiyo ilikuwa imetoka tu katika ukame wa misimu mitano ya mvua iliyokosa mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, ukame ulioangamiza mifugo ya Wamaasai kwa makundi. Anayepanda hapa hana budi kujiandaa kwa kiangazi na gharika pamoja: atengeneze matuta ya kuinua mizizi, atie samadi na matandazo, na atafute wavu wa kivuli.

Kisha kuna suala la usiku. Ua la mmea huu ni kubwa na jeupe, nalo hufunguka usiku mmoja tu, na jua likipanda linanyauka. Kwao Amerika, popo na nondo ndio wapeleka chavua. Isitoshe, baadhi ya aina hazikubali chavua yao wenyewe. Zinataka chavua ya aina nyingine. Aliyeuziwa miche 1,800 iliyotokana na shina moja la aina hiyo anaweza kuona maua mengi na matunda machache, asijue kosa liko wapi. Tiba ipo: kuchanganya aina shambani na kuchavusha kwa brashi kuanzia giza liingiapo hadi alfajiri. Lakini kazi hiyo inataka mtu wa kukesha, na usiku wa mashamba yanayopakana na Mbuga ya Nairobi si wa kutembeatembea ovyo. Tangazo halisemi hayo.

Hata hivyo, tuseme mkulima ameyashinda hayo yote. Siku 30 hadi 35 baada ya ua kuchanua, pengine zaidi kidogo wakati wa baridi ya Julai, ngozi ya tunda hugeuka kutoka kijani hadi nyekundu. Hapa ndipo mwalimu wangu wa Isinya alipoangukia, na ndipo wengi watakapoangukia.

Matunda yako ya namna mbili. Ndizi, embe na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Mkulima aweza kuyachuma yangali magumu, yakasafiri siku nyingi, yakaivia sokoni. Chungwa na nanasi haviko hivyo, na tunda la joka limo katika kundi hili la pili. Likichumwa bichi halitaongeza utamu hata ukiliweka mwezi. Maana yake ni kuwa mkulima hawezi kujinunulia muda kwa kuchuma mapema. Akingoja mno nalo hupasuka mtini au huliwa na ndege. Nafasi yake ni ya siku chache, na siku hizo hazimngojei mnunuzi mwenye ahadi za uongo.

Likishachumwa, saa imeanza kuhesabu. Katika joto la kawaida la chumba, tunda hili hudumu kama juma moja kabla magamba hayajanyauka na ladha kupungua. Katika ubaridi wa nyuzi 10 hivi za selsiasi, penye unyevu wa kutosha, hufika majuma mawili. Mtu atadhani basi dawa ni baridi zaidi. La. Likikaa chini ya nyuzi 6 kwa siku kadhaa hudhurika. Nyama huwa kama iliyochemshwa na ngozi huingia madoa mara litolewapo nje. Kwa maneno mengine, tunda la joka halipatani na jokofu lililotiwa baridi ya kugandisha maziwa.

Je, mkulima mdogo asiye na chumba cha baridi wala umeme wa kutegemewa afanye nini? Hapa ukavu wa Kajiado, ambao umekuwa adui katika simulizi yetu, unageuka rafiki. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo yanavyogeuka mvuke upesi. Kwa kanuni hiyo hujengwa chumba cha mkaa: kuta mbili za wavu, katikati mkaa, juu yake bomba au debe la kudondosha maji ili mkaa usikauke, na paa la nyasi. Upepo wa nyikani ukipita katika mkaa ule, ndani hupoa nyuzi kadhaa kuliko nje na unyevu huongezeka. Hakuna umeme unaohitajika. Chumba hiki hakitazuia uharibifu daima, lakini kinaweza kumvusha mkulima kutoka Ijumaa hadi Jumatano, na katika biashara ya matunda umbali huo ndio tofauti ya faida na hasara.

Walimu wapenzi, kanuni hii ina historia inayotuhusu. Mohammed Bah Abba alikuwa mwalimu kaskazini mwa Nigeria, mzaliwa wa ukoo wa wafinyanzi. Katika miaka ya 1990 aliutengeneza mtambo wake wa vyungu viwili: chungu kidogo ndani ya kikubwa, kati yao mchanga uliolowa, na juu kitambaa chenye maji. Bilinganya zilizozoea kuharibika baada ya siku 3 zilikaa siku 27. Mwaka 2000 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Rolex. Mwalimu huyu hakuingiza zao jipya nchini mwake. Aliwatazama wakulima waliokuwapo, akaona kwamba walichokosa kilikuwa muda wa kuuza, akawapa muda huo kwa udongo, mchanga na maji.

Soko nalo lina funzo lake, na shule nzuri ni Vietnam, ambako tunda hili lilifika enzi za ukoloni wa Wafaransa, na ambayo leo ni miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa kulizalisha duniani. Wakulima wa huko hata huwasha taa mashambani usiku ili mimea ichanue nje ya msimu. Wana ujuzi, wana barabara, wana vyumba vya baridi. Lakini walimtegemea mno mnunuzi mmoja, China. Mwishoni mwa 2021 China ilipobana mipaka kwa sababu ya korona, maelfu ya malori yalikwama mpakani na bei ikaporomoka. Ikiwa hayo yaliwapata mabingwa, itakuwaje kwa mkulima wa Isinya ambaye soko lake ni maduka machache ya Nairobi na mnunuzi mmoja wa simu? Waama, Vietnam pia imetuonyesha njia ya kutokea. Mapema mwaka 2020, matunda yalipokosa wanunuzi, mwoka mikate mmoja wa mji wa Ho Chi Minh aliyakanda ndani ya unga na kuuza mkate wa rangi ya waridi, ukapendwa. Tunda lililosinyaa si lazima liwe takataka. Laweza kuwa juisi, jamu, au nyama iliyokaushwa juani. Jua tunalo.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kudai kwamba hatukuonywa. Katika miaka ya 1980 Baringo iliingiziwa mti wa mathenge ili kuzuia jangwa na kupata kuni. Mti ule ulistahimili ukame kwa namna ya ajabu, ukastahimili hadi ukayameza malisho, na kufikia 2006 wakazi walikuwa mahakamani wakiishtaki serikali. Kisha ikaja homa ya kware kati ya 2013 na 2014. Watu waliuza ng'ombe wakanunua ndege, wakaomba vibali kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kwa muda mayai yale yakasifiwa kuwa dawa ya kila ugonjwa. Waliovuna ni wale wa mwanzo, waliowauzia wengine vifaranga na mayai ya kuangulia. Wanunuzi walipogeuka wote kuwa wauzaji, biashara ilikufa. Mtu anayetaka kujua kama zao fulani lina soko aulize swali hili moja: wanaotajirika wanauza tunda, au wanauza mche?

Sitaki nieleweke vibaya. Silitukani tunda la joka wala silipigi marufuku. Aliye na maji yasiyo na chumvi, matuta yaliyoinuliwa, aina zilizochanganywa, na mnunuzi aliyeandikiana naye kabla ya mavuno, anaweza kulilima Kajiado na kufaidika. Mmea mmoja ukitunzwa huweza kuzaa miaka ishirini. Mwenye kiwanja cha hamsini kwa mia, ambacho hata kikiachwa bila nyumba hakitazidi nguzo 50, aweza kuanza na nguzo 5, ajifunze kwa hasara ndogo. Ninachokipinga ni kumpa mtu sifa badala ya maarifa.

Na maarifa hayo, kwa lugha ipi? Zamani matunda mageni yalipotua pwani yetu yalipata majina na yakapata nyumba. Nanasi lilitoka Amerika ya Kusini na jina lake likavuka bahari pamoja na Wareno. Pera nalo jina lake ni la Kireno. Leo hakuna mtoto anayedhani kuwa ni wageni. Tunda la joka bado ni tafsiri ya jina la kibiashara, na msomaji wa Biblia akisikia joka hukumbuka kitabu cha Ufunuo kabla ya kukumbuka saladi ya matunda. Jina si hoja kubwa. Hoja ni kwamba sifa za mche hutolewa kwa Kiswahili kitamu barabarani, ilhali maelezo ya chavua, chumvi na nyuzi za ubaridi hubaki katika vijitabu vya Kiingereza. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kilimo kimekuwa jukumu la kaunti tangu 2013. Je, ni mzigo mkubwa mno kwa kaunti na watafiti wetu kuchapisha kurasa nne za Kiswahili, na nyingine nne za Kimaa, zinazosema wazi mmea huu unataka nini na unakataa nini?

Wakati tunangoja, shule zinaweza kuanza. Vilabu vya 4-K, ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021. Mwalimu wa kilimo Kitengela awape wanafunzi nguzo mbili: moja inyweshwe, nyingine iachiwe mbingu. Wahesabu maua na matunda ya kila moja. Mwalimu wa sayansi awajengee kisanduku cha mkaa, watie matunda ndani na mengine nje, wapime joto na wayapime matunda uzito kila siku. Mwalimu wa Kiswahili awaambie waandike ripoti, na asikubali neno kustawi pale ambapo takwimu zinaonyesha kustahimili. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi hao watakuwa na cha kumwambia mzazi anayenyemelewa na muuza miche.

Jina Kajiado lenyewe linatokana na maneno ya Kimaa yenye maana ya mto mrefu. Wamaasai waliliita hivyo wakijua fika kwamba mto ule una miezi ya maji na miezi ya mchanga, wakahamisha mifugo yao kulingana na miezi hiyo. Mwalimu wangu wa Isinya ameamua kung'oa nusu ya nguzo zake, aipe maji ile nusu iliyobaki, na ajenge chumba cha mkaa penye kile kibanda cha mabati. Aliponisindikiza barabarani alinikabidhi tunda moja lililonusurika. Lilikuwa tamu, na nilimwambia hivyo.